Kuzidisha kwa Thelathini

Safari niliipanga kwenye daftari:
Segera, dira na pande nne za dunia;
Hale, umeme unavyozaliwa na maji;
Muheza, machungwa: nusu, robo, thumni;
Amboni, chokaa na popo.
Nikapiga mstari chini kwa rula,
kama mwalimu wa kweli.

Mama Shekilindi alikuwa getini kabla yetu.
"Leo Jumanne. Watoto wa wenzio wako darasani."
"Na wangu pia," nikasema,
nikaubamiza mlango wa gari mara mbili,
maana mara moja haushiki.

Segera, Tulia akatapika juu ya dira.
Kaskazini ikanuka maziwa njia nzima.
Hale, rejeta ikachemka,
tukasoma mvuke bila kufungua kitabu.
Baba yao, tambara mkononi, akasema,
"Kaeni mbali. Maji yakikasirika
hayamjui mwenye gari."
Adelina aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

Gari likipoa, tukasimama kando ya mkonge.
Mistari imenyooka mpaka jicho linachoka,
na mmoja, peke yake, umetoa mlingoti.
"Huo unakaribia kufa," nikawaambia,
nikaharakisha kwenda kwenye hesabu,
hesabu haimlizi mtu.
"Tita moja, majani thelathini.
Mkataji anafunga matita mia na kumi kwa siku.
Mangapi?"

Mhina, niliyemtoa shule
kwa sababu walicheka ulimi wake unavyokwama,
akachuchumaa, akazidisha vumbini kwa kijiti.
Elfu tatu na mia tatu.
Hakutamka. Alisogeza mguu nione.
Nikamwekea vema kwa kidole.

"Na Babu alikata mangapi?"
Adelina huyo.
Hilo halikuwamo kwenye daftari.

Mume wangu alikuwa ameinamia injini.
"Alikuwa mia nne kumi na saba," akasema,
wala hakugeuka.
"Si majani. Yeye.
Alishuka kwenye lori la manamba kutoka Songea,
karani akamwandika hivyo, wakamwita hivyo
kazini, kwenye posho, hata akiumwa.
Uzeeni, ukiitaja namba hiyo nje ya mlango,
aliweka kikombe chini, akasimama wima."

Miaka kumi na mitatu nimelala kando ya mtu huyu.
Namba hiyo sikuwa nimeisikia.

Upepo ulipita juu ya mkonge
na majani hayakutikisika; ni magumu yale.

"J-j-jina lake?"
Tulimsubiri Mhina amalize. Kwetu husubiriwa.
"Longinus," baba yake akasema. "Longinus Nyoni."
Tulia, ambaye huhesabu hata vifungo vya wageni,
akahesabu herufi alizokuwa anaandika kaka yake
pembeni ya elfu tatu na mia tatu.
"Nane tu," akasema. "Karani angeweza."

Muheza tulinunua machungwa, tukayala mazima.
Nusu na robo zikabaki shimoni mwa daftari.

Amboni, mlangoni mwa mapango,
kijana mwenye tochi alitupokea vizuri,
akachukua kitabu cha wageni,
akajaza tarehe, mahali tutokako, idadi: 5.
Adelina akamwomba kalamu.
Kwa adabu, kwa mikono miwili.
Akaikata ile tano kwa mstari mmoja,
akatuandika sote, jina kwa jina,
hadi akatoka nje ya kisanduku,
akateremka ukingoni mwa karatasi,
na la mwisho, kwa herufi ndogo za kubanana,
akaongeza mtu ambaye hakuja.

Yule kijana alisoma, akatuhesabu kwa macho,
akafungua mdomo.
Kisha akawasha tochi, akatangulia.

Huko ndani, sikufundisha kitu.

Usiku tulirudi na taa moja ya mbele.
Mama Shekilindi bado getini, kanga begani.
"Haya wanafunzi, leo mmesoma nini?"
Nilikuwa natafuta daftari chini ya kiti
pale Tulia alipomjibu, nusu usingizini:
"Maji yakikasirika hayamjui mwenye gari."