Chumvi ya Kibuye

Maji ya ziwa hayafai hapa. Hayana chumvi.
Kila Jumamosi napima unga mweupe kwa mizani,
nakoroga ndooni mpaka kipimo kisome thelathini na tano,
ndipo namimina:
bahari ya ndoo nne, ghorofa ya pili, Kibuye,
na huku chini wauza omena wanabishana bei.

Anemoni hufumbua minyiri yake
kama vidole vinavyopapasa swichi gizani.
Kila ncha ina sumu. Kamba mdogo aliigusa juzi, hakurudi.
Lakini samaki huyu, rangi ya papai bivu, mistari mitatu myeupe,
hulala humo humo. Alijizoesha kidogo kidogo,
mkia kwanza, ubavu baadaye, mwili wote ute,
mpaka nyumba ikasahau kumchoma.

Jike ndiye aliyekuwa mkubwa.
Alikufa Machi, stima ilipopotea siku mbili.
Dume akabaki na mayai kwenye jiwe,
akiyapepea kwa mapezi usiku kucha.
Hayakuanguliwa.
Sasa ananenepa. Anamfukuza yule mdogo, ananing'ata kidole.
Kitabu kinasema mwili wake unageuka ndani kwa ndani:
atakuwa jike, na mdogo atakomaa awe dume.
Huchukua miezi.

Apondi, kaa vizuri, usitingishe kichwa.
Mistari minne imenyooka, wa tano bado unanishinda.
Mama yako alikuwa anapaka mafuta kabla ya kusuka,
au baada?