Kupunguza

Wiki ya kwanza hatukuwasha kitu.
Taprandich alitugawia tupa, mtu na yake,
akasema: kila jino, sukuma mara tatu,
na mkono ukirudi, urudi hewani.
Tulinoa mnyororo mmoja siku nne
mpaka vidole vikanuka chuma hata ndani ya ugali.

Osundwa, aliyetoka Lugari na buti za shemeji yake,
akauliza: sasa huu msumeno tutaugusa lini?
Akajibiwa: umeugusa tangu Jumatatu.
Kelele ndiyo hujaigusa.

Juni ya Elburgon haina huruma.
Ukungu hulala msituni hadi saa nne
na sisi tumesimama humo, watu sita,
kofia ngumu nne, tukipokezana.

Alitufundisha kukimbia kabla ya kukata.
Fyeka njia yako ya nyuma, ya mshazari,
ipite kwa miguu mara mbili, ikujue.
Mti ukianza kulia usisimame kuutazama,
si bibi harusi huyo.
Kisha mdomo, upande unakotaka ulale.
Kisha nyuma, juu kidogo ya mdomo, polepole,
ukibakisha ubao wa vidole viwili usioguswa.
Bawaba, alisema. Mti huanguka kama mlango unavyofungwa.
Ukikata bawaba huna mlango tena,
una balaa.

Na ncha ya juu ya pawa usiigusishe na gogo:
akashusha skafu, tukaona kovu
lililoanzia sikioni, likapotelea kwenye kola.
Hakusema la nani lilikuwa kosa.
Chepkirui aliacha kutafuna.

Kazi yenyewe inaitwa kupunguza.
Misonobari hii ilipandwa imebanana, kwa makusudi,
ili ishindane kwenda juu.
Najua. Mama alilima viazi katikati ya mistari
nami, mtoto wa miaka saba, nikabeba miche kwenye karai.
Sasa mmoja unaondoka ili wa pili unenepe.
Uondoe uliopinda, wenye kilele pacha,
uliochubuliwa na nyani. Hiyo ni rahisi.
Ikiisha hiyo,
bado mistari imebanana.

Kwetu tulikuwa sita.
Kidato cha pili, baba alihesabu karo mezani kwa viazi,
kiazi kimoja elfu moja,
na viazi vikaisha kabla ya kufika jina langu.
Ni miaka mitatu sasa.
Sikuwa nimepinda.
Nilikuwa katikati ya mstari tu.

Leo zamu ya rangi ilikuwa yangu.
Mkebe mwekundu, brashi iliyokakamaa,
na mbele yangu msonobari mnyoofu, mwembamba,
kati ya miwili minene.
Niliuzunguka. Nikaugonga kwa ngumi.
Ngotho, akaita Taprandich, chai inapoa.
Hakusema paka, hakusema acha.

Nikaupaka.
Nikaukata mwenyewe.

Haukulala. Ulienda robo ya njia,
ukaegemea bega la jirani, ukakataa.
Kimya. Hakuna aliyethubutu kupita chini yake.
Tuliutia ndoano, tukauzungusha, Osundwa akitukana kwa Kibukusu,
matawi yakikwaruzana huko juu,
mpaka ukaachia kwa kishindo kilichonipanda magotini.

Nilichutama kwenye kisiki kilichokuwa kikitoa utomvu.
Pete kumi na mbili. Nilizihesabu kwa kucha.
Tisa nene.
Tatu za mwisho nyembamba kama uzi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Wangeci, mdogo wangu,
yuko chuo pale Njoro, anasomea udongo.
Ameandika: umekula?

Nimekula, nikaandika.
Kisha nikajaza kibuyu: petroli sehemu hamsini,
oili sehemu moja. Nikatikisa.
Bado kulikuwa na mistari kumi na minne kabla ya mvua.