Nundu

Rusayl, saa tisa usiku. Kiyoyozi kinakoroma,
nje lami bado haijapoa,
nami nimeikodolea macho skrini
nikingoja vilele visivyokuja.

Chembe nne za ubani wa Dhofar, hojari safi.
Nimeusaga, nimeuchuja, nimeupitisha safu ya kwanza,
ukatoka umejipanga, kila kitu na zamu yake.
Safu ya pili ikauacha upite
kama mgeni asiyeambiwa karibu:
nundu moja, pana, chafu, mwanzoni kabisa,
kisha mstari mtupu hadi mwisho.

Shaji, fundi wa mashine, akabadilisha vali.
Akabadilisha safu, riali mia tatu na ushei.
Bi Badriya akasema labda tumeuziwa ubani wa bandia.
Nundu ikabaki palepale.

Ubani hauna kosa.
Tazama kilichoubeba:
asetonitrili, tisini kwa mia.
Kule kwanza ni mpole, haharakishi mtu.
Huku pili ni mbabe;
huingia na alichokikumbatia
wakatokea mlango wa nyuma
bila kugusa ukuta.

Mama alishuka Matrah mwaka sabini na mbili,
Kiswahili cha Wete kimejaa kinywa.
Miaka miwili, anasema, nilipita tu.
Nilipita sokoni, nilipita hospitali,
nilipita hata kwa shangazi zangu wa damu.

Lakini nisifananishe.
Akisikia atanisuta: mimi utomvu, weye?

Basi nikafunga kiungo cha njia tatu,
pampu ya ziada, maji matupu,
sehemu nne kwa moja, kabla ya safu ya pili.
Kitanzi cha maikrolita arobaini nikakitoa,
nikaweka cha kumi.
Jaribio la kwanza maji yalizidi,
shinikizo likapanda, kengele ikalia,
Shaji akaamka kitini akitukana kwa Kimalayalamu.
Nikapunguza. Tatu kwa moja.

Alfajiri ya Rusayl haina jogoo,
ina malori ya saruji.
La kwanza lilipopiga honi
kilele kilikuwa kimesimama,
chembamba, peke yake,
halafu cha pili, halafu sikuhesabu tena,
nilikuwa nanusa mkono wa shati langu.

Kumi na vitatu, Shaji ndiye aliyehesabu.
Kimoja bado kimekwenda upogo.
Nikaandika daftarini: *bado*,
nikampigia Mama, ambaye huamka mapema,
kumuuliza neno lake la kwanza la Kiarabu.

Akafikiri.
"Shwayya," akasema. "Shwayya shwayya."