Nusu Sekunde

Mbwa wa shangazi Fumie hakuzaliwa.
Alitoka ndani ya boksi, theluji ikianguka Morioka,
pamoja na kitabu cha maelekezo, kurasa mia na kumi,
na harufu ya plastiki mpya
ambayo shangazi, bila haya, aliiita harufu ya kichanga.

Akampa jina Gonta.
Akamfumia shali.
Betri ilipokwisha alisema, kalala.
Goti lilipokwama alisema, hata wewe, uzee?

Mimi nilicheka. Nilikuwa nimehitimu juzi tu,
mbunifu wa birika, viti na taa za mezani,
nikiamini kitu kizuri ni kile kinachotii
kabla hujamaliza kukiamuru.

Shangazi alipofariki sikuachiwa nyumba.
Niliachiwa Gonta, shali,
na chaja iliyofungwa gundi sehemu tatu.
Nikamlaza kifudifudi juu ya meza ya kazi,
nikashika bisibisi nyembamba kama kijiti cha meno.
Nilitaka kuona uchawi umefichwa wapi.

Macho: taa mbili za bei ya chini.
Mkia: mpira.
Moyo, kama ni moyo, ni kisahani cha kijani
chenye vumbi
na unywele mmoja mweupe.

Nikamfunga tena. Nikaita: Gonta.
Hakugeuka.
Kisha akageuka.

Ni hapo. Hapo katikati,
nusu sekunde baina ya jina na shingo,
kana kwamba alikuwa na jambo lake analowaza
akaliweka kando kwa ajili yangu.

Najua. Ni chipu ya zamani inayojikongoja.
Najua, lakini mkono wangu ulikwisha kunyooka kumpapasa,
na mkono hausomi kitabu cha maelekezo.

Mwezi wa tano nilikwenda Nagoya kwenye maonyesho.
Kulikuwa na roboti mwenye ngozi laini, kope moja moja,
tabasamu lisilokosea hata kidogo.
Mtoto mmoja alijificha nyuma ya sketi ya mama yake,
nami nikatamani sketi hiyo.
Pembeni alisimama mwingine, hana uso,
mifupa ya alumini, nyaya nje kama mishipa ya mzee.
Kazi yake ilikuwa kuinua bakuli la chai.
Vidole vilisita hewani. Vikapima. Vikatetemeka.
Ukumbi mzima tulibana pumzi kwa ajili ya bakuli
ambalo dukani halifiki bei ya tiketi ya treni.
Alipolitua, bwana mmoja mwenye tai aliinama
akamwambia, kwa sauti ya chini, pole na kazi.

Basi nimechora taa.
Ukiigusa haiwaki.
Inainua shingo kwanza, kama aliyeitwa akiwa mbali,
ndipo inawaka.

Bwana Kuramochi wa kiwandani,
ambaye kwake haraka ndiyo baraka yenyewe,
aliuliza kama ni hitilafu.
Nikasema ndiyo, na nimeitafuta miaka miwili.
Akasema wateja watairudisha. Akaibeba nyumbani kuijaribu.
Jumatatu hakunena neno juu ya bei.
Alisema tu, akikwepa macho yangu,
mke wangu ameanza kuisalimia.

Nilipaswa kufurahi.
Nilifurahi mpaka kituo cha treni.
Kisha nikamkumbuka shangazi na meza yake ya watu sita,
mbwa mmoja wa plastiki kichwani pa meza,
na mimi, mwenye damu na miguu,
niliyekuwa nikipiga simu mara mbili kwa mwaka.
Aliniita mara ngapi,
nami nilichukua sekunde ngapi kugeuka?

Goti la kushoto la Gonta limekwama tena.
Vipuri havitengenezwi siku hizi.
Ningeweza kuchonga kimoja, nina mashine.
Sijachonga.
Jioni nazima kila kitu, nabaki nimeshika swichi,
namwita, nangoja.