Ufunguo Hautoki

Nilifika hitimani nimechelewa,
Wete, pale barabara inapoporomoka kwenda bandarini,
nikavuta mkono wa gia: D, N, R,
na hapo ukagoma.
P iko pale, naiona, herufi nyeupe,
kama mlango wa jirani uliokomewa kwa ndani.

Nikakanyaga breki, nikajaribu tena.
Nikarudi D, nikapanda taratibu, kwa bismillahi.
R. Basi.
Nikazima moto. Ufunguo nao ukasema hautoki,
maana gari hizi za Kijapani zina adabu yao:
usipoegesha sawasawa hazikupi ruhusa ya kuondoka.

Breki ya mkono ya gari hii ni hadithi tu.
Nikakaa, mguu juu ya breki,
buibui limebanwa na mlango,
na nyumba ya mavyaa yangu, hatua ishirini,
imejaa watu na sauti ya Yasini.

Mavyaa yangu wa zamani, niseme kweli.
Miaka mitatu tangu mwanawe anipe talaka
kwenye karatasi ya daftari la hesabu
sijakanyaga ukumbi ule.
Njia nzima kutoka Chake nilikuwa napanga
nitaingia vipi, nimpe nani mkono kwanza.
Sikupanga kukwama nje kama muuza samaki.

Mtoto akapita na sinia tupu.
"Mwanangu, nenda nyuma unitazamie,
taa zinawaka nikikanyaga?"
"Zinawaka zote mbili."
"Haya, niletee jiwe."
Akaleta kokoto.
"Jiwe, baba, jiwe!"
Akaleta nusu ya tofali, akalisukumiza mbele ya tairi.

Sasa ningeweza kushuka.
Sikushuka.
Ufunguo, nilijiambia, hauachwi.

Wifi yangu Riziki akatoka na kikombe cha kahawa.
"Unangoja nini humo? Tumekuona muda wote."
"Gari haitaki kuingia P."
Akacheka, macho yamevimba,
akafungua mlango wa pili, akaketi.
"Mama alikuwa akikuulizia," akasema.
"Salamu zake hazikufika?"
"Hazikufika."

Fundi Makame aliitwa upande wa wanaume,
akaja na kanzu kaipandisha hadi magotini.
Hana bisibisi; kifuniko cha gia
alikibandua kwa kijiko cha pilau.
Kichwa kikazama, sauti ikatoka chini:
"Swichi ya breki nzima.
Kidude cha kufunga gia kinalia tik, nacho kizima.
Waya mzima. Sanduku la gia halina neno.
Ila hapa, waya unaposhika mkono,
pana kibushi cha plastiki, kadiri ya kokwa ya tende.
Kimekuwa unga, na kipande kimejikaba.
Wewe huku juu unasema P,
kule chini hakuna anayesikia."

Riziki akanitazama.
Nikaitazama kahawa.

Makame akaenda kwenye lundo la viatu mlangoni,
akarudi na ndara moja, ya buluu.
"Ya nani hiyo?"
"Haina kisigino tena, mwenyewe keshaichoka."
Akakata kiduara kwa wembe, akatoboa,
akapachika, akazungushia waya mwembamba.
"Hii ya kukufikisha Chake tu. Kesho nunua ya haki."

R.
Halafu, kwa mlio mdogo
kama wa mtu anayemeza mate,
P.
Ufunguo ukatoka, una joto la kushinda juani.
Riziki alikuwa keshashuka, kasimama,
kashika upande mmoja wa pazia la mlango.

Nilipotoka ilikuwa karibu na Magharibi.
Mwalimu Shaame wa chuoni, kanzu ina pasi bado,
alikuwa akigeuza viatu kimoja kimoja,
mguu wa kulia ndara ya buluu,
wa kushoto mtupu.
"Panda, mwalimu, nikupeleke."

Sikumwambia kitu
mpaka tulipofika kwake Jadida,
nikaweka P, nikainua mguu kidogo kidogo,
na gari ikatulia.