Safu ya Tatu

Kila Jumatatu, kabla nzi wa Kinyikani hawajaamka,
napima mavi ya ng'ombe wa Bi Kazija
kwa mizani ya karafuu.
Kilo kumi na mbili, na kidogo cha juu.
Naandika.
Naweka kichupa cha tindikali kwenye lundo,
nakifunika kwa ndoo iliyopinduliwa,
nangoja amonia ijilete yenyewe
kama mdaiwa aliyechoka kujificha.

Mize naye anapima, huko Denmark,
ndani ya banda refu lenye feni na milango ya chuma.
Ndilo somo lake la shahada:
nchi mbili, samadi mbili,
naitrojeni ngapi inabaki kulisha shamba
na ngapi inatoroka.
Mimi ni mkono wake wa Pemba.
Ananilipa kwa vocha za simu,
na huchelewa.

Takwimu zetu hazisalimiani.
Kwao, katika kila mia, ishirini hupotea;
mashimo yao wameyafunika kwa turubai
nene kuliko godoro langu.
Kwetu sitini na kitu:
jua huchukua lake mchana,
masika hushuka na lake bondeni kwenye mpunga wa watu,
na kuku wa jirani hupekua kilichosalia.
Lakini mia yetu ni ndoo
na mia yao ni ziwa.
Nikamwandikia: Basi mpotezaji ni nani?
Akajibu kwa kicheko, kisha kwa hesabu,
kisha akanyamaza siku nne.

Jambo moja hatukulitaja kwa mama yake.
"Mavi ya nini anayoyapima?" aliniuliza Bi Kazija
huku akimwachia ndama chuchu ya nne.
"Ya mifugo."
"Mifugo ina majina."
"Ya mifugo ya huko, shangazi."
Akanitazama kama anavyoitazama
sukari ya kupimiwa.

Mfunguo Tano Mize alituma picha:
bwelasuti ya buluu, buti hadi magotini,
ushungi kauingiza ndani ya kola,
anacheka,
na pembeni kabisa, kwenye ukingo,
mkia.
Mdogo, wa waridi, umejisokota.
Niliikata picha kabla sijamwonesha mama mtu.
Sikuikata vizuri.

Bi Kazija hakusema kitu siku ile
wala kesho yake.
Siku ya tatu nilimkuta kachutama,
anachekecha udongo kwa chekeche la unga.
Si ule wa karibu na zizi;
ule safi, wa chini ya mshelisheli,
ambako ng'ombe hafungwi wala mtoto hakojoi.
Aliokota mzizi mmoja, akaupuliza, akautupa.
"Mpelekee," akasema. "Mara saba, moja kwa udongo.
Maji najua huko yapo.
Udongo wao siujui."

Nusu kilo. Niliupima, mkono umezoea.
Naitrojeni iliyomo ni gramu moja kasoro,
haitoshi kuotesha hata mchicha.
Posta ya Wete waliniuliza mna nini,
nikasema zawadi,
na yule kijana akaiminyaminya bahasha kwa vidole
akagonga muhuri bila kunitazama.

Jedwali la Mize lina safu mbili:
Iliyobaki. Iliyopotea.
Nimechora ya tatu kwa rula na penseli,
nikakosa jina la kuipa,
nikaijaza mstari mmoja tu wa tarehe ile:
gramu sifuri nukta saba,
Kinyikani kwenda Denmark,
kwa njia ya bahasha.

Profesa wake ameuliza kama ni kosa la uchapaji.
Mize hajamjibu.
Kaniandikia mimi, saa nane za usiku,
bila salamu, bila hesabu:
Mwambie mama umefika.
Mwambie maji ya saba
yalikuwa ya baridi mno.