Kusukutua

Alfajiri. Kata moja ya maji ya kununua
(huku Newala maji hupanda mlima kwa bei).
Naisogeza mdomoni, nasukutua.
Mara ya kwanza natema jana.
Mara ya pili natema Bi Nantende
na chupa yake ya soda iliyozibwa kwa gunzi.
Mara ya tatu sitemi upesi. Nayashika maji shavuni
kama mtoto aliyekatazwa kucheka,
kwa kuwa mdomo huu umezoea kinachochoma,
na maji, Mola wangu, hayachomi.
Hayaniahidi kitu.
Halafu natema.

Ni msimu. Chini ya mikorosho
ardhi imelewa kabla yetu.
Mbuzi wa Mchopa wanayumba, wanagongana vichwa,
watoto wanawacheka,
nami siwezi kuwacheka.
Nimeinama na ndoo:
korosho ndani, bibo kando,
korosho ndani, bibo kando,
utomvu unanata viganjani hadi jioni.
Tunda moja, kikonyo kimoja.
Korosho ni ada ya Ismaili na bati la jikoni;
bibo ni mimi, mtaroni, na kiatu kimoja.
Ungeweza kuvitenganisha toka mwanzo.
Hukutenganisha.
Nimekuuliza sana jambo hili, mgongo ukiniuma,
na jibu nililopata ni ndoo kujaa.

Somoe haniulizi nilikokuwa.
Hunisogelea shingoni kama anayeondoa unyasi,
akanusa.
Nami husimama wima, kama gunia kwenye mizani.
Siku ya sitini alinusa, akarudi nyuma,
akaingia ndani
na mlango hakuufunga.
Nilikaa uani hadi umande ukanilowesha,
nikiutazama ule mlango wazi.
Mwaka huu nimesikiliza khutba nyingi;
niliyoielewa ni hiyo.

Ijumaa ya kwanza msikitini
walinipa nafasi ya watu watatu.
Sikuwalaumu; hata mimi nilikuwa najikwepa.
Kisha Chinduli, yule fundi baiskeli,
akasogea na mguu wake wenye grisi
hadi kidole chake kidogo kikagusa changu.
Hakunitazama. Safu ikaziba.

Zamani niliomba kwa jumla,
kama tajiri aliyekuja mnadani:
niondolee kiu yote, tani kwa tani, milele.
Nikirudi nyumbani nimebeba milele mabegani
naishusha kwa Bi Nantende nipumzike.
Siku hizi naomba rejareja.
Nipe hadi adhuhuri.
Adhuhuri nitakuja tena, bila aibu,
unikopeshe hadi alasiri.
Alasiri vijana hupita na madumu ya uraka,
povu likitoka kwenye vifuniko,
wananiita kwa jina langu la zamani, Injinia,
kwa kuwa nilikuwa natengeneza dunia nzima nikilewa.
Hapo unikaze. Hadi magharibi tu.
Hadi isha.
Nilidhani vipindi vitano umeviweka kwa ajili Yako.
Kumbe ulijua wapo watu
wasioweza kuivuka siku kwa pumzi moja.

Lakini toka isha hadi alfajiri
ni mbali, Mola wangu, ni mbali.
Hakuna anayeadhini.
Upepo ukitoka upande wa pili wa barabara
unaleta harufu ya moto wa chini ya pipa,
na mwili wangu unaamka kabla yangu,
unatafuta kandambili.
Nimejifunza kulala na kopo la maji kando ya kichwa.
Saa tisa nalipapasa gizani.
Lipo. Limejaa. Ni baridi.
Sijui kama hili ndilo waliloliita tumaini
wale waliosema tuwe nalo;
nilitarajia kitu chenye mwanga.
Naliacha mkono juu yake.
Siku ya mia na ngapi leo, sina hakika.
Anayehesabu ni Somoe.